Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mitaa ya Kalemie na Haki ya Kubaki



Nitazungumza juu ya jambo ambalo haliji na tingatinga wala askari, na ndiyo maana hupita bila kuandikwa popote. Mtaa uliosahauliwa miaka mingi unaanza kutamaniwa. Barabara inasawazishwa, umeme unafika, ofisi zinafunguliwa, na wenye fedha wanaanza kuulizia nyumba. Kodi inapanda. Mpangaji wa zamani anaongezewa mara moja, mara mbili, mara ya tatu anafunga virago. Nyumba ya familia inauzwa na warithi wanaoishi mbali. Ukuta mrefu unasimama pale palipokuwa na mwembe na benchi la wazee. Hakuna aliyefukuzwa kwa amri. Kila mmoja ameondoka kwa miguu yake. Ila baada ya miaka michache, ukiita majina ya watu wa mtaa ule, wachache ndio watakaoitika.

Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass aliliandika jambo hili akiutazama mji wa London. Mitaa ya wafanyakazi ilikuwa ikichukuliwa nyumba kwa nyumba na watu wa tabaka la kati, mpaka wakaaji wa kwanza wakaisha na mtaa ukageuka sura. Kalemie si London. Hapa kwetu mabadiliko ni madogo zaidi, na mengine ndiyo kwanza yanaanza. Basi na tuyazungumze sasa, kabla hayajatuzidi.

Neno langu ni moja. Waliokaa mtaani wakati wa shida wana haki ya kukaa wakati wa neema. Na uchungu wao wanapoona mtaa unawaponyoka si wivu, wala si ushamba. Ni ushahidi wa watu wanaojua mtaa unawafanyia kazi gani.

Mji wa wanaokuja

Kwanza tuondoe shaka. Kalemie haijawahi kuwa mji wa watu wa aina moja. Waholoholo walikaa kandokando ya mto Lukuga, Watabwa upande wa kusini, Wabembe kaskazini, Waluba magharibi, na Watwa wamekuwa jirani za wote hao. Misafara ya biashara kutoka pwani ilipita Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikatuachia lugha hii ninayosema nanyi. Mwaka 1891 Kapteni Jacques, Mbelgiji, alijenga ngome karibu na Mtowa akaipa jina la Albertville, jina la zamani la mji wetu. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, mwaka mmoja baada ya reli ya Wajerumani iliyotoka Dar es Salaam kufika Kigoma, ng'ambo yetu. Tangu hapo bandari, karakana, na baadaye kiwanda cha nguo cha Filtisaf viliita wafanyakazi kutoka kila upande. Babu wa wengi wetu alishuka hapa na sanduku moja.

Kwa hiyo ninaposema mwenyeji, sisemi kabila. Katika jimbo letu neno hilo lisipotumiwa kwa uangalifu linaweza kuua. Miaka ya 2016 na 2017 tuliona mapigano ya Watwa na Waluba yakichoma vijiji na kujaza kambi za waliohama pembeni mwa mji huu. Mwenyeji ninayemsema leo ni yeyote anayeishi mtaani na kujulikana na majirani zake, awe mwenye nyumba au mpangaji, awe alizaliwa hapa au alikimbilia hapa. Anayeuchukua uchungu huu wa mitaa ili achochee kabila juu ya kabila anawaibia wenye uchungu wenyewe.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuna ugomvi na nusu ya kwanza ya methali hii. Kalemie imeishi kwayo. Mimi nauliza juu ya nusu ya pili. Wageni wamekuja. Je, mwenyeji amepona?

Walioushika mji

Bei ya nyumba ina historia nyuma yake. Kiwanja kilicho karibu na bandari au karibu na barabara ya Lumumba kina thamani kwa sababu kimezungukwa na mji unaoishi, na mji huo unaishi kwa sababu kuna watu waliobaki humo siku ambazo kubaki kulikuwa kugumu.

Tuzihesabu siku hizo. Juni 1964 mji uliangukia mikononi mwa waasi wa Simba, na Jason Sendwe, kiongozi wa chama cha Balubakat, akauawa hapa hapa. Vita vilivyoanza 1996 na kuendelea hadi 2003 viliidhoofisha reli na kuiua biashara. Filtisaf ilisimama, na familia zilizokula mshahara wake zikageukia ziwa na mashamba. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ardhi la kipimo cha 6.8 lilibomoa nyumba na kuua watu. Kisha zikaja familia zilizohama vijiji vyao, na nyumba ya vyumba viwili ikalaza familia tatu. Chakula hakikuongezeka, lakini mlango haukufungwa.

Miaka hiyo hakuna komisioneri, dalali wa viwanja na nyumba, aliyepita kuulizia paseli. Mama ndiye aliyepachika bati mahali pa bati lililotoboka. Vijana ndio waliochimba mfereji mvua ilipotishia kuchukua njia. Majirani ndio waliochanga sanduku la maiti, wakalala matangani, wakampeleka mtoto wa marehemu shule. Huo wote ni mtaji. Mwenye fedha huweka fedha zake mahali panapokwisha kutulia. Watu hawa waliweka maisha yao mahali palipokuwa hapajatulia. Leo mtaa ukipanda bei, sehemu kubwa ya kinachonunuliwa ni jasho lao, na jasho hilo halimo katika hesabu ya muuzaji wala ya mnunuzi.

Baada ya mwaka 2015

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa, Tanganyika ikawa jimbo, na Kalemie ikawa makao makuu yake. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini makao makuu yana mahitaji yake. Gavana, wizara za jimbo, bunge la jimbo, idara za serikali, wote hao wanataka ofisi, na watumishi wao wanataka mahali pa kulala. Mara ikafuata dhiki ya 2016 na 2017, na pamoja nayo mashirika ya misaada, juu ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, waliokuwa tayari hapa. Mgeni wa namna hiyo hulipa kwa dola, hulipa miezi kadhaa mbele, na huandika mkataba. Upande wa pili yuko mwalimu anayelipwa kwa franka, tena kwa kuchelewa. Mwenye nyumba hahitaji roho mbaya ili amchague wa kwanza. Ana watoto naye.

Katikati ya mwaka 2022 MONUSCO ilifunga kazi zake katika jimbo letu. Magari meupe yaliondoka, ila desturi ya kutaja kodi kwa dola haikupanda nayo ndege. Na mwalimu aliyekwisha kuhamia mbali hakurudishwa na mtu.

Hapa nataka nitende haki kwa hisia za watu, maana si za namna moja. Yuko mjane aliyepangisha vyumba vyake vya mbele kwa shirika, na kwa kodi hiyo amesomesha watoto hadi chuo. Huyo hawezi kuambiwa kwamba mgeni ni balaa. Wako vijana wanaopenda taa za barabarani, duka la dawa linalofungua usiku, na kazi ya udereva au ya ulinzi iliyokuja na ofisi. Yuko mzee anayefurahi kuona njia haina matope tena, na papo hapo anahuzunika kwa kuwa kati ya watu wanaoipita hamjui hata mmoja. Furaha na huzuni hukaa katika kifua kimoja. Watu wa mitaa yetu hawakatai uzuri. Waliuomba miaka mingi kuliko mtu yeyote. Kinachowauma ni kutakiwa kuondoka siku ile ile uzuri unapofika.

Nyumba ni chombo cha kazi

Niwaonyeshe jambo moja kwa karibu, ili tusibaki na maneno ya jumla.

Ndagala huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika. Mitumbwi hurudi alfajiri. Mama mchuuzi anayekaa hatua chache kutoka ufukweni husikia sauti za wavuvi akiwa bado kitandani. Hutoka na beseni, huchagua mzigo mzuri, hupatana bei. Mara nyingi hana fedha mkononi, lakini mvuvi humwachia kwa deni, kwa sababu anaujua mlango wake. Samaki hao wadogo hawangoji. Lazima waanikwe siku hiyo hiyo, jua likiwa bado lina nguvu. Huwatandaza karibu na nyumba, na mtoto hukaa kufukuza kuku. Wingu likitanda juu ya ziwa, mwanamke wa nyumba ya pili hupiga kelele, na mikono sita huwakusanya ndagala kabla tone la kwanza halijaanguka.

Sasa mhamishe mama huyu. Mpe nyumba kubwa zaidi, kwa kodi ndogo zaidi, kule juu ambako mji unaishia. Komisioneri atakuambia amefaidika. Lakini alfajiri lazima alipe pikipiki kushuka na pikipiki kupanda. Akifika, mzigo mzuri umekwisha kuchukuliwa. Mvuvi anataka fedha taslimu, kwa maana mlango wa mama haupo tena. Wingu likitanda yeye akiwa sokoni, hakuna wa kumwita wala wa kumwanulia, na ndagala walioloa huoza. Baada ya miezi michache mtaji umekwisha, na hakuna mtu atakayeandika kwamba uliuawa na kuhama nyumba.

Mama huyu anaposema, "Mtaa wangu umenitoka," haombolezi kuta. Amepoteza saa yake ya alfajiri, mkopo wake usio na riba, bima yake dhidi ya mvua, na walezi wa watoto wake, yote kwa siku moja. Fundi cherehani aliyezoeleka na wateja wa avenyu yake naye ana hesabu kama hiyo, na mgonjwa anayepelekewa uji na jirani ana yake. Ndiyo maana nilisema kwamba uchungu ni ushahidi. Ukiusikiliza vizuri utakupa orodha ya mambo ambayo mji lazima uyalinde.

Ziwa linapochukua na linaporudisha

Kalemie ina jambo jingine ambalo miji mingi haina. Ziwa letu hupanda na kushuka, na lango lake la kutokea ni Lukuga yetu hii. Mwingereza Cameron alifika kwenye mto huu mwaka 1874, akaukuta umezibwa na matope na majani. Miaka michache baadaye kizuizi hicho kilivunjika na maji ya ziwa yakashuka sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalipanda tena. Wengi wetu tumeona wenyewe yalivyopanda kuanzia 2020, na zaidi mwaka 2024, yakaingia katika nyumba za kandokando hapa kwetu, na vivyo hivyo Uvira, Bujumbura na Kigoma.

Maji yanapomtoa mtu, swali kubwa ni la siku yatakaposhuka: nani atarudi? Asiye na karatasi wala akiba atauza kiwanja chake kwa bei yoyote apate pa kulaza watoto. Mwenye fedha anaweza kungoja, akamwaga kifusi, akajenga ukuta. Hivyo gharika moja inaweza kubadilisha wenyewe wa ufuko mzima, na tukadhani ni kazi ya maumbile.

Serikali ikisema watu wasijenge karibu na maji kwa ajili ya usalama wao, nami nitaunga mkono, kwa sharti moja: kanuni hiyo imfunge kila mtu. Mvuvi akiambiwa mahali hapa ni hatari, na miaka miwili baadaye hapo hapo pakasimama hoteli, basi usalama ulikuwa kisingizio.

Yaliyowapata wenzetu

Tutazame majirani zetu, maana wametangulia.

Tarehe 17 Januari 2002 moto wa volkano ya Nyiragongo uliteremka hadi katikati ya Goma. Miaka iliyofuata ilileta mashirika mengi na askari wa Umoja wa Mataifa, na nyumba za kandokando ya Ziwa Kivu, kama zile za Himbi, zikawa mali adimu. Watafiti Karen Büscher na Koen Vlassenroot waliandika mwaka 2010 namna uwepo huo ulivyoleta kazi na majengo, na jinsi ulivyopandisha kodi na kuzidisha utengano kati ya mitaa ya wenye nacho na mitaa ya wasio nacho. Goma inatufundisha kwamba bei iliyopandishwa na wapita njia hubaki mgongoni mwa wakaaji.

Twende pwani ya Kenya. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001. Huko, na hasa katika kijiji cha Shela kilicho karibu, wageni kutoka Ulaya wamenunua nyumba za kale na kuzikarabati kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, kwa ustadi mkubwa. Nyumba nyingine zingeanguka kama wasingekuja. Lakini nyingi hukaa muda mrefu bila mtu, na kijana wa Shela hulinda nyumba ambayo kamwe hataweza kuinunua. Jengo laweza kupona na mwenyeji asipone.

Mfano wa tatu unatia moyo. Magomeni Kota, Dar es Salaam, familia 644 ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, nyumba zao zikavunjwa, na kiwanja kikabaki kitupu katika eneo lenye thamani kubwa. Miji mingine ingekwisha kuwasahau. Wao walishikamana, wakaendelea kudai. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza kijengwe upya kwa ajili yao, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa ambamo familia zile zilipewa nafasi ya kurudi. Walingoja karibu miaka kumi, na hiyo ni dhuluma ambayo uzinduzi hauifuti. Hata hivyo walirudi, na waliweza kurudi kwa sababu walijulikana wao ni nani na ni wangapi. Idadi ilikuwepo. Orodha ya majina ilikuwepo. Likumbukeni hilo.

Sheria tuliyo nayo

Hatuanzi mikono mitupu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 34, inasema mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa manufaa ya umma, na baada ya kulipwa fidia ya haki kabla ya kuondolewa. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, nasi tunapewa haki ya kuitumia. Uthibitisho wenye nguvu ni cheti cha usajili. Hapo ndipo ufa ulipo. Wengi wetu tuna karatasi ya shefu wa kartiye tu, au hati ya mauzo yenye sahihi za mashahidi. Karatasi hiyo ilitutosha tulipokuwa sisi kwa sisi. Siku mwenye fedha atakapokuja na cheti juu ya paseli ile ile, haitatosha.

Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyoishi na mumewe. Mara ngapi ndugu wa marehemu wameuza nyumba mama akiwa bado katika nguo za msiba? Na sheria ya upangaji ya 31 Desemba 2015 inasema garanti, yaani fedha ya dhamana, ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Mpangaji asiyeijua atadaiwa sita, atatoa sita, na atashukuru.

Kwa hiyo nina maombi matano.

Kwenu wenye nyumba: tafuteni vyeti sasa, kabla mtaa haujapanda zaidi. Fuatilieni kwa pamoja, avenyu kwa avenyu, ili gharama za kupima zigawanyike na pasiwe na wa kumzungusha mtu mmoja mmoja. Na kabla ya kuuza, ketini na wote wanaolala ndani ya nyumba hiyo.

Kwenu wapangaji: daini mkataba wa maandishi, hata kama mwenye nyumba ni rafiki. Urafiki mzuri hauogopi kalamu.

Kwenu ofisi na mashirika: mnapotafuta nyumba, ulizeni ni nani anaishi humo leo na ataenda wapi. Mkilipa mara tatu ya kodi ya mtaa, mnaigusa kila nyumba iliyo karibu nanyi, hata zile msizoingia kamwe.

Kwenu viongozi wa mji na wa jimbo: kabla ya barabara, soko au ukuta wa ufukweni kuanza, andikeni majina ya wote wanaoishi hapo, wapangaji pamoja nao, na mbandike orodha hiyo mahali pa wazi. Mtu akilazimika kuondoka, aondoke na karatasi inayosema atarudi lini na wapi. Na anayeishi kwa ziwa asipelekwe mbali na ziwa.

Kwenu wanafunzi: nendeni kwa wazee wa Kataki, wa Kitali, wa Kindu, wa Kankomba, mkaandike nani aliishi wapi, alifanya kazi gani, alifika mwaka gani. Karatasi hizo ni historia leo, na kesho zitakuwa ushahidi mbele ya hakimu.

Wandugu zangu, Kalemie itakua. Bandari itatengenezwa, njia zitawekwa lami, na watu watavutwa na ziwa letu kama walivyovutwa na reli mwaka 1915. Tuwapokee. Lakini kipimo cha maendeleo ya mji huu kiwe kile cha wahenga wetu: tusiseme mtaa umepona kabla hatujaona waliouvumilia wakiishi humo, wakifanya kazi humo, na kuzeeka humo. Kazi hiyo haihitaji kungoja mfadhili. Inahitaji daftari, kalamu, na mtu wa kwanza wa kwenda nyumba kwa nyumba kuandika majina. Nawaomba kila avenyu imchague mtu huyo wiki hii.